Methodi ndefu na njia nne za kuifupisha: ulinganisho wa kukusaidia kuchagua

Methodi (kipande cha msimbo wa programu chenye jina na kazi yake) yenye mistari 140 haiandikwi kwa siku moja. Huanza na mistari 20 iliyo wazi, likaongezwa sharti kwa ajili ya mteja mmoja, ukafuata ujumbe mfupi wa simu, ikafuata kumbukumbu ya wakaguzi, na kila aliyeongeza alikuwa na sababu ya haki. Anayeirithi ndiye anayelipa, kwa kuwa hawezi kugusa mstari mmoja kwa utulivu kabla ya kujua mistari mingine 139 inafanya nini. Kazi ya kuipanga upya methodi kama hiyo bila kubadili matokeo yake, ambayo waandishi wa programu huiita rifaktaringi, ina njia kadhaa, na njia inayoponya methodi moja inaweza kuivuruga nyingine.

Hapa nitalinganisha njia nne: kuiacha methodi ikiwa nzima lakini kuipanga kwa aya, kutoa vipande vyake viwe methodi ndogo, kuihamishia yote ndani ya klasi yake yenyewe (klasi ni kifungu kinachobeba data na methodi zake pamoja), na kuyaondoa matawi ya masharti kwa kutumia jedwali au klasi ndogo. Ninashikilia kwamba idadi ya mistari haitoshi kukuchagulia njia. Kinachochagua ni maswali mawili unayoyauliza juu ya kila kipande unachotaka kukitenga: ni vigeu vingapi (majina yanayobeba thamani) vinavyovuka mpaka wake kwa kuingia na kutoka, na je, kipande hicho kinabadilisha kitu chochote kilicho nje yake? Ukishayajibu hayo mawili, mara nyingi njia hujionyesha yenyewe.

Mistari mingapi ni mingi?

Wanaotafuta namba moja ya kushikilia watasikitika, kwa sababu wenye uzoefu mkubwa hawajakubaliana. Zana ya RuboCop, inayokagua msimbo wa lugha ya Ruby, kabla hujabadilisha mpangilio wake, hulalamika methodi inapozidi mistari 10. Kanuni ya ESLint inayopima urefu wa fanksheni (hapa ni sawa na methodi) za JavaScript huweka mpaka wa mistari 50, Pylint ya Python huhesabu kauli 50, na Checkstyle ya Java huvumilia hadi mistari 150. Mwongozo wa uandishi wa kiini cha Linux unataka fanksheni itoshe kwenye skrini moja au mbili za mistari 24, na Gerard Holzmann, katika kanuni kumi alizozitoa mwaka 2006 kwa ajili ya programu za usalama mkubwa akiwa katika maabara ya JPL ya NASA, alipendekeza takriban mistari 60, yaani kiasi kinachotosha kwenye karatasi moja.

Kutoka 10 hadi 150 ni tofauti ya mara kumi na tano, na tofauti kubwa namna hiyo inaonyesha kwamba mpaka huo ni kengele ya kukuita uangalie, wala haukuambii cha kufanya ukishafika. Methodi ya mistari 60 inayojaza sehemu 60 za fomu moja baada ya nyingine husomeka bila taabu. Methodi ya mistari 18 yenye vitanzi viwili (sehemu za msimbo zinazojirudia) vilivyopachikana na masharti manne ndani yake inaweza kukula asubuhi nzima.

Kuna vipimo vinavyokaribia ukweli zaidi. Mwaka 1976 Thomas McCabe alipendekeza kuhesabu njia huru zinazopita ndani ya msimbo, akaweka 10 kuwa mpaka wa kufaa. Kipimo hicho kina upungufu mmoja ambao mfano ufuatao utauonyesha: hakitofautishi masharti yaliyopangwa moja chini ya jingine na masharti yaliyozikwa moja ndani ya jingine.

Mfano tutakaoufuata

Tuchukue mfumo wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo. Mwanachama anaomba mkopo, mfumo unamkagua, unatafuta riba ya aina ya mkopo wake, unatengeneza ratiba ya marejesho, unahifadhi mkopo katika hifadhidata na kumtumia mwanachama ujumbe. Yote hayo yamo katika methodi moja inayoanza hivi:

```python
def shughulikia_ombi(mwanachama, ombi):
    if mwanachama.miezi_ya_uanachama >= 6:
        if not mwanachama.ana_deni_lililochelewa:
            if ombi.kiasi <= mwanachama.akiba * 3:
                ...  # mistari 110: riba, ratiba, hifadhidata, ujumbe
            else:
                return "Kiasi kimezidi mara tatu ya akiba"
        else:
            return "Ana deni lililochelewa"
    else:
        return "Hajatimiza miezi sita"
```

Kabla ya kugusa chochote, andika majaribio yanayoshika matokeo ya sasa, hata kama unashuku kwamba baadhi ya matokeo hayo yana kasoro. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, wenye riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayokokotolewa juu ya deni lililobaki, una fungu la 100,000 kila mwezi, riba ya 12,000 mwezi wa kwanza, 11,000 wa pili, hadi 1,000 mwezi wa mwisho, na jumla ya riba ni 78,000. Kama kesho, baada ya kukatakata, jaribio linaleta 144,000, utajua papo hapo kwamba mkono uliteleza na riba sasa inatozwa juu ya kiasi cha awali badala ya deni lililobaki. Ongeza pia mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 12, kwa kuwa haugawanyiki sawasawa: mafungu 12 ya 83,333 yanafanya 999,996, na zile shilingi 4 zilizobaki lazima ziwekwe mahali, kwa kawaida kwenye fungu la mwisho. Vimasalio vya namna hii ndivyo hupotea msimbo unapohamishwa, na hakuna anayevikumbuka mpaka mhasibu afunge hesabu.

Hatua inayotangulia njia zote

Njia zote nne hurahisika ukiyageuza kwanza masharti yaliyozikwa kuwa masharti ya mlangoni, yaani ukaguzi unaomrudisha asiyestahili kabla hajaingia ndani:

```python
def shughulikia_ombi(mwanachama, ombi):
    if mwanachama.miezi_ya_uanachama < 6:
        return "Hajatimiza miezi sita"
    if mwanachama.ana_deni_lililochelewa:
        return "Ana deni lililochelewa"
    if ombi.kiasi > mwanachama.akiba * 3:
        return "Kiasi kimezidi mara tatu ya akiba"
    ...  # mistari 110 ile ile, imesogea kushoto
```

Kwa kipimo cha McCabe, matoleo haya mawili yako sawa: kila moja lina njia nne. Kwa kipimo cha uzito wa kusoma kilichobuniwa na kampuni ya SonarSource, ambacho hutoza zaidi kadiri sharti linavyozikwa ndani, toleo la kwanza lina alama 9 na la pili lina 3. Jicho la msomaji linakubaliana na kipimo cha pili. Katika toleo la kwanza, ujumbe wa "Hajatimiza miezi sita" uko mistari zaidi ya 110 chini ya sharti linalousababisha. Katika toleo la pili, sharti na jibu lake vimekaa pamoja.

Tahadhari ni moja, nayo inahusu lugha kama C ambamo mwandishi huachilia kumbukumbu ya kompyuta kwa mkono. Huko, kurudi mapema kunaweza kuacha kumbukumbu ikiwa imeshikwa, ndiyo maana msimbo wa kiini cha Linux huelekeza njia zote za kushindwa kwenye sehemu moja ya kusafisha mwishoni mwa fanksheni.

Kuiacha nzima na kuipanga kwa aya, au kutoa methodi ndogo

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kila siku, nami nitakaa nazo zaidi.

Kuiacha nzima hakumaanishi kuiacha ilivyo. Unasogeza kila kigeu karibu na mahali kinapotumika kwa mara ya kwanza, unakusanya mistari ya kazi moja pamoja, unaweka mstari mtupu kati ya aya na aya, na pale ambapo msimbo wenyewe hauwezi kueleza kwa nini jambo linafanyika, unaandika maelezo ya sentensi moja. Faida yake kubwa ni kwamba mfuatano wa matukio unaonekana: msomaji anaanza juu na kumaliza chini bila kurukaruka. Mwaka 2007 John Carmack, mmoja wa waandishi wa michezo ya Doom na Quake, alitetea mtindo huu kwa nguvu katika waraka kwa wenzake. Alieleza kwamba fanksheni inayobadilisha hali ya mfumo, ikishatengwa na kupewa jina, inaweza kuitwa na mtu mwingine kutoka mahali pasipofaa na kwa wakati usiofaa. Ikibaki ndani ya mfuatano mkuu, hatari hiyo haipo. Mwaka 2014 aliongeza kwamba tangu hapo amezidi kuegemea fanksheni safi, yaani zile zinazopokea thamani, kurudisha thamani, na kutogusa kitu kingine. Naona kauli zake hizo mbili zinakamilishana, kwa kuwa zote mbili zinaogopa kitu kimoja: mabadiliko yanayotokea mahali ambapo msomaji haangalii.

Udhaifu wa njia hii ni maisha marefu ya vigeu. Kigeu `jumla` kinachozaliwa mstari wa 12 na kutumika tena mstari wa 97 kinamlazimu msomaji akague mistari 85 kuhakikisha kwamba hakuna aliyekibadilisha njiani. Udhaifu wa pili ni majaribio: huwezi kujaribu ukokotoaji wa ratiba peke yake bila kuandaa mwanachama, hifadhidata na mtumaji wa ujumbe.

Kutoa methodi ndogo ndiyo njia ya kale na inayojulikana zaidi katika orodha ya mbinu ambazo Martin Fowler alizichapisha mwaka 1999 kwa mifano ya Java na kuziandika upya mwaka 2018 kwa mifano ya JavaScript. Unachagua kipande, unakihamishia kwenye methodi mpya, unakipa jina linalosema kinakusudia nini, na mahali pake unaacha mwito, yaani mstari unaoiita methodi hiyo. Vihariri kama IntelliJ IDEA na PyCharm, kwa vibonye vya Ctrl+Alt+M kwenye Windows na Linux, hutambua vyenyewe vigeu vinavyopaswa kuingia kama parameta (thamani ambazo methodi hupokea), na hilo peke yake ni kipimo cha bure: kihariri kikikuletea parameta saba, kinakuambia kwamba umekata kwenye mfupa, wala si kwenye kiungo.

Baada ya kukata vizuri, methodi yetu inabaki hivi:

```python
def shughulikia_ombi(mwanachama, ombi):
    sababu = sababu_ya_kukataa(mwanachama, ombi)
    if sababu:
        return sababu
    riba = riba_ya_mwezi(ombi.aina)
    ratiba = tengeneza_ratiba(ombi.kiasi, riba, ombi.miezi)
    hifadhi_mkopo(mwanachama, ombi, ratiba)
    mjulishe(mwanachama, ratiba)
    return "Mkopo umekubaliwa"
```

Tazama vinavyovuka mipaka. `tengeneza_ratiba` inapokea thamani tatu, inarudisha moja, na haigusi kitu nje yake. Ndiyo iliyostahili zaidi kutolewa, na sasa yale majaribio ya 78,000 na ya shilingi 4 yanaweza kuielekea moja kwa moja bila hifadhidata. `sababu_ya_kukataa` inasoma tu na kurudisha maneno au kutorudisha chochote, hivyo nayo iko salama. `hifadhi_mkopo` na `mjulishe` zinabadilisha ulimwengu wa nje, lakini ziko kwenye ngazi ya juu ambako kila msomaji anaziona, na mfuatano wao, kuhifadhi kwanza na kujulisha baadaye, uko mbele ya macho. Kama mjulisho ungezikwa ndani ya `hifadhi_mkopo`, methodi kuu ingepungua mstari mmoja na msomaji angepoteza jambo la maana sana: kwamba kuhifadhi mkopo kunatuma ujumbe.

Majina nayo yanahitaji neno, maana kutoa methodi bila jina zuri ni kumpa msomaji mlango usio na kibao. Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo waandishi wetu wengi hawaitumii. Kitenzi chetu hubeba nafsi na wakati ndani yake, hivyo `ana_deni_lililochelewa` au `ametimiza_miezi_sita` husomeka kama sentensi kamili baada ya neno la sharti, na hakuna anayeuliza kama jibu ni ndiyo au hapana. Amri huonekana kwa umbo lake, `hifadhi_mkopo`, na nomino huonyesha kinachorudishwa, `riba_ya_mwezi`. Katika timu yenye watu wasiojua Kiswahili ni sahihi kutumia lugha inayowaunganisha wote, lakini timu inayozungumza Kiswahili mezani na kulazimisha majina ya kigeni ambayo nusu yake haiyamudu vizuri inapata majina kama "chakata data" kwa tafsiri, ambayo hayasemi lolote.

Je, methodi ndogo zinaweza kuzidi? Zinaweza. John Ousterhout, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyebuni lugha ya Tcl, ameonya juu ya methodi zilizoshikana kiasi kwamba huwezi kuielewa moja bila kusoma nyingine. Dalili yake ni rahisi kuitambua: ukisoma mwito unalazimika kwenda kusoma mwili, na ukisoma mwili unalazimika kurudi kwenye mwito. Niliwahi kupokea msimbo ambamo mistari 40 ilikuwa imegawanywa katika methodi 14, nyingi zikiwa na mistari miwili, na kufuata shilingi moja kutoka ombi hadi ratiba kulihitaji kuruka mara tisa kati ya faili tatu. Aliyeigawa alikuwa anatii mpaka wa zana yake ya ukaguzi. Nilizirudisha zote ndani, nikapata mistari 36, kisha nikatoa methodi tatu tu.

Kwa hiyo, kati ya njia hizi mbili, toa methodi pale ambapo kipande kinapokea vitu vichache, kinarudisha kimoja, na jina lake linatosha kumzuia msomaji asihitaji kuingia ndani. Acha aya pale ambapo mistari inabadilisha hali ya mfumo hatua kwa hatua na mfuatano wenyewe ndio maana ya methodi. Kipande kinachotaka kurudisha thamani mbili au tatu zisizohusiana kinakuambia kwamba mpaka umewekwa pabaya. Jaribu kuusogeza juu au chini kwa mistari michache kabla ya kukata tamaa. Wakati mwingine kigeu cha muda kinachokuzuia kinaweza kugeuzwa kuwa mwito: badala ya kubeba `kikomo` kutoka mstari hadi mstari, andika `kikomo_cha_mkopo(mwanachama)` kila kinapohitajika, na kizuizi kinaondoka.

Kuihamishia methodi ndani ya klasi yake

Kuna methodi ambazo hata ukisogeza mpaka vipi, vigeu sita au saba vinavuka. Kwa hizo kuna njia ya kuunda klasi mpya kwa ajili ya methodi hiyo moja: vigeu vyote vinakuwa sehemu za objekti (kitu kinachoundwa kutokana na klasi hiyo), na vipande vinakuwa methodi zisizo na parameta. Mara ya kwanza ukiitumia unahisi umepona, kwa sababu kukata kunakuwa rahisi ghafla.

Urahisi huo una bei, na mimi huiona kubwa kuliko inavyosemwa. Linganisha:

```python
self.weka_riba()
self.panga_ratiba()
self.ongeza_ada()
```

na

```python
ratiba = panga_ratiba(kiasi, riba, miezi)
ratiba_kamili = ongeza_ada(ratiba, ada)
```

Katika toleo la kwanza hakuna kinachomwambia msomaji kwamba `panga_ratiba` haiwezi kutangulia `weka_riba`. Mtu akibadilisha mfuatano, Python haitalalamika mapema, na kama riba ilikuwa imewekwa kuwa sifuri mwanzoni, programu itaendelea kwa amani na kutoa mikopo isiyo na riba. Katika toleo la pili utegemezi umeandikwa waziwazi, kwa kuwa huwezi kupitisha `ratiba` ambayo haijatengenezwa. Vigeu vilivyokuwa vinavuka mpaka bado vinavuka. Tofauti ni kwamba sasa vinavuka gizani.

Ndugu mpole wa njia hii ni kukusanya parameta zinazotembea pamoja ndani ya objekti moja isiyobadilika. Kiasi, riba, miezi na tarehe ya kuanza zikionekana pamoja kila mahali, zina haki ya kuwa kitu kimoja kinachoitwa `masharti_ya_mkopo`. Katika Python unaweza kutumia `dataclass` yenye `frozen=True`, ambayo huzuia sehemu zake kubadilishwa baada ya kuundwa. Hapo unapata parameta moja badala ya nne na unabaki na mtiririko unaoonekana. Ningeijaribu hii kwanza kila mara, na kuiachia klasi ya methodi ule ukokotoaji mrefu ambao kweli una hali inayobadilika hatua kwa hatua, mfano kichanganuzi cha faili kinachokumbuka mahali kilipofika.

Jedwali au klasi ndogo badala ya matawi

Wakati mwingine urefu unatokana na matawi: mkopo ukiwa wa dharura fanya hivi, wa elimu fanya vile, wa maendeleo fanya hivi tena. Hapa kutoa methodi husaidia kidogo tu, kwa sababu kila tawi jipya litarefusha tena. Uchaguzi ni kati ya jedwali na klasi ndogo (klasi zinazorithi kutoka klasi moja kuu, kila moja ikiwa na mwenendo wake), na swali la kuuliza ni kama matawi yanatofautiana kwa thamani au kwa mwenendo.

Yakitofautiana kwa thamani peke yake, jedwali linatosha (viwango hivi ni vya mfano tu):

```python
RIBA_YA_MWEZI = {
    "dharura": Decimal("0.015"),
    "elimu": Decimal("0.01"),
    "maendeleo": Decimal("0.0125"),
}
```

Mistari 20 ya masharti inakuwa mitano, na anayekuja kuongeza aina ya nne haandiki mantiki yoyote. Lakini angalia mtego mmoja. Msururu wa masharti wa zamani mara nyingi huishia na tawi la "vinginevyo" ambalo kimyakimya huipa aina isiyojulikana riba ya maendeleo. Jedwali, ukilisoma kwa mabano ya mraba, litasimamisha programu kwa hitilafu. Pengine hitilafu ndiyo unayoitaka, na mimi ningeitaka, ila hayo ni mabadiliko ya mwenendo, na hayapaswi kupitishwa chini ya jina la kupanga upya. Hifadhi mwenendo wa zamani kwanza, kisha ubadilishe kwa hatua nyingine inayojitegemea ndani ya Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ili anayekagua kazi yako ajue hatua ipi haikusudii kubadili matokeo na ipi inakusudia.

Yakitofautiana kwa mwenendo, tuseme mkopo wa dharura haudai wadhamini, wa elimu unalipwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, na wa maendeleo unahitaji ukaguzi wa mradi, klasi ndogo kwa kila aina zinaanza kuwa na maana. Kigezo changu ni marudio: sharti la aina ya mkopo likionekana mahali pamoja tu, liache lilipo, na likionekana sehemu tatu au zaidi, ambako kila aina mpya inakulazimu kuzikumbuka zote, hapo klasi zinastahili gharama yake. Gharama yenyewe ni kwamba msomaji anayetaka kulinganisha aina mbili atafungua faili mbili, ilhali mwanzo alizitazama zikiwa bega kwa bega.

Kasi na historia

Hofu kwamba methodi nyingi zitaipunguzia programu kasi ni ya kweli mahali pachache sana. Katika Java, mashine ya HotSpot, inayoendesha programu, huingiza miili ya methodi ndogo mahali zinapoitwa, na kinyume chake, kwa mpangilio wake wa kawaida huwa haizitafsiri kuwa lugha ya mashine methodi zinazozidi baiti 8,000 za baitikodi (umbo la kati la programu ya Java), hivyo methodi kubwa kupita kiasi ndiyo inayoadhibiwa. Katika Python mwito una gharama inayoonekana ndani ya kitanzi cha mamilioni ya mizunguko, lakini methodi inayongojea hifadhidata haitaisikia.

Historia inahitaji uangalifu zaidi. Ukihamisha mistari, Git itakuonyesha kwamba mwandishi wake ni wewe, na aliyeandika riba miaka minne iliyopita anatoweka. Amri ya `git blame -M` hutambua mistari iliyohamishwa ndani ya faili moja, na `-C` huifuata hadi kwenye faili nyingine, mradi hukuihamisha na kuibadilisha kwa hatua moja. Ndiyo sababu nyingine ya kutenganisha kuhama na kubadili.

Niliyochagua kwa mfano huu

Kwa methodi ya chama chetu, masharti ya mlangoni yalikwenda kwanza, kisha yakatolewa kuwa `sababu_ya_kukataa`. Riba ilikwenda kwenye jedwali, kwa kuwa aina zote tatu zilitofautiana kwa thamani tu. Kuhifadhi na kujulisha vikawa methodi mbili zinazoitwa kutoka juu. Klasi sikuihitaji, maana vigeu vilivyoingia kwenye kila methodi niliyoitoa havikuzidi vitatu.

`tengeneza_ratiba` ilibaki na mistari 31, na RuboCop ingekuwa ya Python ingeilalamikia kwa kuzidi mara tatu ya mpaka wake. Nilijaribu kutenga kitanzi cha miezi na kile kisehemu kinachoweka shilingi zilizobaki kwenye fungu la mwisho. Kila nilipokata, deni lililobaki, fungu na namba ya mwezi vilivuka kwenda, na deni na salio vikavuka kurudi, kwa hiyo msomaji wa kipande kimoja alilazimika kukifungua kingine. Niliirudisha kama ilivyokuwa, nikaigawa kwa mistari mitupu katika aya tatu, nikaweka juu ya aya ya mwisho sentensi moja ya maelezo kwamba salio la mgawanyo huongezwa kwenye fungu la mwisho ili jumla ya mafungu ilingane na mkopo, na majaribio yote mawili yakapita.